SOMO: Kuchagua Matairi ya Pikipiki ya Chama kwa Njia za Matope, Mchanga na Mawe



Katika vyama vyetu vya msingi pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo ichukuayo maziwa ya alfajiri kutoka vituo vya kukusanyia hadi kwenye pipa la kupozea. Ndiyo impelekayo bwana shamba kwa wakulima. Na ndiyo ipelekayo vitabu vya mapokezi ghalani wakati wa msimu. Mafuta ya pikipiki hiyo hupangiwa fungu katika makisio ya mwaka na kuulizwa katika kila kikao. Lakini matairi aghalabu hununuliwa siku yale ya zamani yanapopasuka, dukani palipo karibu, kwa bei iliyo ndogo kuliko zote, na na mtu ambaye hataipanda pikipiki hiyo.

Ununuzi wa namna hiyo hugharimu zaidi ya fedha. Tairi lisilofaa humwangusha dereva, na dereva akianguka, huanguka pia mzigo wa wanachama. Somo hili limeandikwa ili Wajumbe wa Bodi, Mameneja na madereva wapate msingi mmoja wa kuamua: njia yetu ni ya namna gani, inataka tairi gani, upepo kiasi gani, na mzigo usiozidi wapi. Tunashauri lisomwe katika kikundi, sehemu kwa sehemu, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe mbele ya pikipiki yenyewe.

1. KAZI YA TAIRI

Tairi la pikipiki hugusa ardhi kwa eneo dogo, lisilozidi sana kiganja cha mkono. Kwa eneo hilo dogo dereva huongoza, hufunga breki, hupanda mlima na kubeba mzigo wote. Matairi mawili ya pikipiki moja hayafanyi kazi moja. Tairi la mbele ndilo liongozalo, na ndilo lichukualo sehemu kubwa ya nguvu ya breki katika njia ngumu. Tairi la nyuma ndilo lisukumalo na ndilo libebalo sehemu kubwa ya mzigo.

Kutokana na tofauti hiyo lazima tukumbuke jambo moja. Tairi la nyuma likiteleza, dereva mzoefu anaweza kulirudisha njiani. Tairi la mbele likiteleza, mara nyingi hana nafasi ya kufanya lolote ila kuanguka. Kwa hiyo desturi ya kuchukua tairi lililochakaa nyuma na kulihamishia mbele "limalizie maisha yake" ni desturi mbaya. Desturi hii hushawishi kwa sababu katika pikipiki nyingi ndogo rimu zote mbili ni za inchi 17, na tairi hilo huingia bila shida. Kuingia kwenye rimu hakulifanyi kuwa tairi la mbele.

2. KUIJUA NJIA KABLA YA KULIJUA TAIRI

Wanaoshindana kwa pikipiki katika viwanja vya udongo, kama vile Jamhuri Park huko Nairobi au Busiika nchini Uganda, hukikagua kiwanja kwa miguu kabla ya kuchagua matairi. Huuchunguza udongo, huangalia wapi kumemwagiwa maji na wapi kumekauka, ndipo waamue. Watengenezaji wa matairi ya mashindano nao huyagawa katika mafungu matatu: ya ardhi laini, ya ardhi ya wastani na ya ardhi ngumu. Sisi hatushindani na mtu, lakini mpango huo wa kuanza na udongo unatufaa, tena unatufaa zaidi kuliko wao, kwa kuwa mshindani hukimbia kiwanja kimoja ilhali dereva wetu hupita udongo wa namna nne katika asubuhi moja.

Chama na kifanye hivi. Meneja na dereva waipite njia yote, na kuiandika katika daftari kwa vipande: kilomita ngapi ni lami, ngapi ni changarawe iliyoshindiliwa, ngapi ni udongo mwekundu wenye mteremko, ngapi ni mchanga, ngapi ni mbuga yenye udongo mweusi, ngapi ni mawe. Waipite wakati wa kiangazi, tena wakati wa masika, maana njia moja huwa njia mbili kwa mwaka.

Ikiwa kuna shaka juu ya udongo, lipo jaribio rahisi. Chukua udongo kidogo, utie maji mpaka uwe kama unga uliokandwa, kisha uminye kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Ukikatika mara moja na kusagika, mchanga ni mwingi. Ukitoa utepe mrefu unaong'aa na kunata vidoleni, udongo huo ni mfinyanzi, na siku ya mvua utanata kwenye tairi vivyo hivyo.

3. MENO YA TAIRI NA UDONGO WAKE

Meno ya tairi, ambayo mafundi wengi huyaita kashata, hutofautiana kwa mambo matatu: urefu wake, nafasi iliyopo kati ya jino na jino, na ulaini wa mpira. Kanuni kubwa ni hii: ardhi ikiwa laini, meno na yawe marefu na yenye nafasi, ili yazame na kushika, ardhi ikiwa ngumu, meno na yawe mafupi na yaliyokaribiana, ili mpira mwingi uguse ardhi. Mpira wenyewe huenda kinyume na wanavyodhani wengi: juu ya ardhi ngumu mpira laini ndio unaong'ang'ania, nao katika ardhi laini jino hutakiwa kuwa gumu ili lisipinde linapozama.

Basi tuchukue njia zetu moja moja.

(a) Udongo mwekundu wa miteremko. Huu ndio wa sehemu nyingi za milima ya kahawa na migomba, kama Kilimanjaro na Mbinga. Ukinyeshewa, juu hufanya utando wa utelezi ilhali chini bado ni mgumu. Tairi la lami lenye mistari hujaa tope baada ya mizunguko michache na kuwa kama kipara. Hapa tunataka meno ya urefu wa kadiri, yenye pembe kali na nafasi ya kutosha kutema tope. Meno yaliyokwisha kuviringana pembe, hata kama bado ni marefu, hayakati utando huo.

(b) Mbuga. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa maeneo ya pamba ya Shinyanga na Simiyu, huvimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Ukiwa umelowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na bampa lake, na hatimaye gurudumu hukataa kuzunguka. Tairi lenye meno marefu na nafasi kubwa husaidia kwa kiasi, na bampa la mbele lililoinuliwa juu husaidia zaidi. Lakini tuseme kweli: mbuga ikiwa imelowa kabisa, hakuna tairi liwezalo kuishinda. Uamuzi ulio bora hapo ni kungoja ikauke, au kuhamisha kituo cha kukusanyia kwa muda wa masika hadi upande ule wenye barabara ngumu.

(c) Mchanga. Wanaushirika wa korosho huko Mtwara na wa tumbaku huko Tabora wanaujua vema. Mchanga mkavu hausukumiki. Hukimbia chini ya tairi. Tairi la mbele jembamba huuchimba kama jembe na kuupinda usukani. Panapo mchanga mwingi, tairi la nyuma pana kiasi cha rimu inavyoruhusu, na la mbele lenye meno ya pembeni yaliyo imara, huleta nafuu. Zaidi ya hapo, mchanga huamuliwa na upepo wa tairi na mwendo wa dereva, kama tutakavyoona.

(d) Mawe. Mawe yenye ncha hukata meno marefu na kupasua ubavu wa tairi. Hapa hutakiwa meno mafupi yaliyosongamana, ubavu mnene wenye nyuzi nyingi, na upepo usiopungua. Tairi la matope likitumika njia ya mawe huliwa upesi, tena katikati kabla ya pembeni.

(e) Changarawe na lami. Katika changarawe iliyoshindiliwa tairi la mchanganyiko, lenye meno ya wastani, hutosha. Katika lami, tairi lenye meno marefu ni hatari kuliko tairi la kawaida: meno hupinda wakati wa breki na katika kona, na lami ikiwa imelowa pikipiki huchelewa kusimama.

Je, njia ikiwa na vipande vya namna zote? Msitafute wastani kwa kuhesabu kilomita peke yake. Tazameni pia kipande kiangushacho watu. Ikiwa kati ya kilomita 25, kilomita 20 ni changarawe na 5 ni mteremko wa udongo mwekundu ambao dereva huushuka kila siku akiwa na mzigo, basi ule mteremko ndio upewe sauti kubwa: chagueni tairi la mchanganyiko lililoelekea upande wa matope, na tairi la mbele lipewe meno mazuri zaidi. Lakini ikiwa kilomita 20 hizo ni lami yenye magari ya mwendo mkali, rudini kwenye tairi la mchanganyiko la kawaida, na mteremko huo dereva aushuke polepole kwa gia ndogo. Pale ambapo masika na kiangazi hutofautiana sana, chama chenye uwezo kiwe na jozi mbili, kila moja kwa msimu wake. Jozi isiyotumika ihifadhiwe kivulini, pakavu, mbali na mafuta ya mashine.

4. UPEPO

Tairi zuri lenye upepo mbaya ni tairi baya. Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kazi ni karibu ratili 25 kwa inchi ya mraba mbele, na kati ya 28 na 33 nyuma, kwa kadiri ya mzigo. Hizo ndizo tarakimu zinazosomwa kwenye geji zenye alama ya PSI. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa maana tairi lililokwisha kutembea hupata joto na kudanganya geji. Kulibonyeza tairi kwa kidole au kulipiga teke si kupima.

Upepo ukizidi, tairi huvimba katikati, huguswa na ardhi sehemu ndogo tu, huteleza, hudunda juu ya mawe, na huliwa katikati. Upepo ukipungua, ubavu hupinda na kupata joto, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, na tairi huweza kujizungusha juu ya rimu na kuing'oa valvu.

Madereva wa mashindano hushusha upepo mpaka ratili 12 au 15 ili tairi lijitandaze juu ya mchanga na tope. Tusiwaige. Rimu zao zina vibano vinavyolizuia tairi kujizungusha, nao hawabebi madebe ya maziwa. Pikipiki ya chama ikivuka mchanga bila mzigo na kwa mwendo wa pole, inaweza kushushwa ratili 4 au 5 chini ya kipimo, kisha irudishiwe upepo mara inapofika njia ngumu. Kwa hiyo pampu ya mkono na geji ni vifaa vya pikipiki kama ilivyo spana ya plagi. Ikiwa na mzigo, upepo usishushwe hata kidogo.

5. MZIGO

Ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu na herufi. Tuseme tumeona 3.00-17 50P. Maana yake ni kwamba tairi lina upana wa inchi 3, linaingia rimu ya inchi 17, hubeba kilo 190 likiwa na upepo kamili, na mwendo wake hauzidi kilomita 150 kwa saa. Tairi la mbele la pikipiki ya namna hiyo mara nyingi huwa 2.75-17 41P, yaani hubeba kilo 145.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila chama cha maziwa kinapaswa kuifanya. Tuseme pikipiki ina kilo 120 na nusu yake, kilo 60, iko nyuma. Dereva ana kilo 70, na kiasi cha kilo 45 ziko nyuma. Amefunga madebe mawili ya lita 50. Lita moja ya maziwa ina kilo 1.03, kwa hiyo maziwa ni kilo 103; madebe yenyewe tuyape kilo 20. Jumla juu ya tairi la nyuma ni 60 na 45 na 123, yaani kilo 228. Tairi limepewa kilo 190. Tumelizidishia kilo 38, na tunalipeleka kwenye mawe.

Kwa madebe mawili ya lita 30, maziwa ni kilo 62 hivi na madebe tuseme kilo 14. Jumla juu ya tairi ni kilo 181. Hapo tairi limo ndani ya uwezo wake. Hivyo chama kikiambiwa na dereva kwamba "matairi ya siku hizi ni mabovu", kwanza kifanye hesabu hii. Pengine tairi halina kosa. Kumbukeni pia kwamba tairi kuweza kubeba hakuifanyi fremu wala breki kuweza. Kipimo cha mzigo kilichomo katika kitabu cha pikipiki ndicho cha mwisho.

6. DUKANI

Anayetumwa kununua na achukue maandishi haya: ukubwa wa tairi, uzito, aina ya meno, na mbele au nyuma. Akifika dukani atazame mambo yafuatayo:

Kwanza, tarehe. Tairi lina tarakimu nne zilizofungiwa katika umbo dogo la mviringo ubavuni. Tarakimu 2323 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2023. Mpira hukauka hata ukiwa rafuni. Tairi lililokaa miaka mingi dukani juani si jipya.

Pili, ubavu. Usiwe na nyufa, uvimbe wala alama za kukunjwa.

Tatu, meno yaliyochongwa. Wako wauzao matairi vipara yaliyochongwa upya kwa kisu. Tairi la pikipiki halina unene wa kuchongwa. Kisu huzikaribia nyuzi, na tairi hilo hupasuka. Lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Nne, herufi NHS. Hizi huwekwa katika matairi ya mashindano kuonyesha kwamba hayakutengenezwa kwa barabara za kawaida. Hata yakiuzwa rahisi, tuyaache.

Tano, mshale. Matairi mengi yana mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Fundi aufuate.

Pamoja na tairi jipya ununuliwe mpira wa ndani mpya wa ukubwa ule ule, na ukanda wa rimu utazamwe. Mpira wa zamani umekwisha kutanuka na hujikunja ndani ya tairi jipya. Baada ya kufungwa, dereva aende taratibu kwa kilomita 100 za kwanza, kwa kuwa uso wa tairi jipya huteleza.

7. RAHISI NI IPI?

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei halisi kila chama kitaweka za kwake. Tairi la kwanza linauzwa shilingi 40,000 na linadumu kilomita 5,000: kila kilomita ni shilingi 8. Tairi la pili linauzwa shilingi 66,000 na linadumu kilomita 11,000: kila kilomita ni shilingi 6. Pikipiki ikienda kilomita 1,200 kwa mwezi, kwa mwaka ni kilomita 14,400. La kwanza litakula shilingi 115,200 na la pili shilingi 86,400. Lile la bei ndogo limekula shilingi 28,800 zaidi.

Sasa ongeza anguko moja. Lita 60 za maziwa kwa shilingi 1,000 kila lita ni shilingi 60,000 zilizomwagika njiani, zaidi ya mara mbili ya tofauti ile ya mwaka mzima, na fedha hiyo ni ya wanachama waliokamua alfajiri na waliokwisha kuandikiwa stakabadhi. Mguu wa dereva hatujauhesabu, wala hauna safu katika daftari.

Ili hesabu hii iwezekane, kila tairi lifunguliwe kadi: tarehe ya kufungwa, kilomita zilizosomwa siku hiyo, bei, pancha zake, na kilomita siku ya kuondolewa. Baada ya mwaka mmoja chama kitakuwa na elimu ya njia yake chenyewe, ambayo muuza duka hana.

8. WAJIBU WA KILA MMOJA

Bodi itenge fungu la matairi katika makisio, kabla ya msimu na si baada ya ajali. Meneja atunze kadi na asinunue bila kumwuliza dereva. Dereva apime upepo kila asubuhi, atazame meno na ubavu, na atoe taarifa kwa maandishi. Tena Bodi iweke azimio lililo wazi kwamba dereva akisema njia haipitiki, au tairi halifai, hatalazimishwa kwenda wala hatakatwa posho. Dereva anayeogopa kusema ataendelea kwenda, mpaka siku moja asirudi. Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu: matairi ya pikipiki yetu yana umri gani?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gaweni njia ya chama chenu katika vipande kwa aina ya udongo. Ni kipande kipi kimewahi kuangusha watu, na katika msimu gani?

2. Someni maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi yote mawili ya pikipiki ya chama. Yametengenezwa juma gani la mwaka gani, na hubeba kilo ngapi?

3. Pimeni mzigo wa kawaida kwa mizani ya ghala na kufanya hesabu ya sehemu ya 5. Je, tairi la nyuma limezidishiwa?

4. Kwa nini haifai kuhamishia mbele tairi lililochakaa nyuma?

5. Andikeni azimio moja juu ya matairi, la kupelekwa kwenye kikao kijacho cha Bodi.